Maswali ya Wasomaji: Lori Linalogoma Kuwaka Asubuhi za Kipupwe

Tangu kipupwe kilipoingia mwezi Juni, barua nyingi zinazofika kwenye ukurasa huu zinatoka Makete, Njombe, Mbeya na Mafinga, na karibu zote zinaeleza tatizo moja: lori lililokuwa likiwaka vizuri miezi yote ya mvua sasa linagoma alfajiri. Nimechagua barua nne ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa imegusa sehemu kubwa ya mambo ambayo dereva wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania anapaswa kuyajua.

Swali: Ndugu Fundi, ninaendesha Fuso linalobeba viazi mviringo kutoka Makete kwenda Dar es Salaam. Nikilala Dar es Salaam au Morogoro, asubuhi linawaka mara moja. Nikilala nyumbani Makete, stata inazunguka kwa uvivu, ekzosi inatoa moshi mweupe, na huweza kupita nusu saa kabla injini haijashika. Fundi mmoja ameniambia ninunue betri mbili mpya, mwingine amesema pampu ya dizeli imekufa. Fedha niliyo nayo inatosha jambo moja tu. Nianzie wapi? — Dereva, Makete

Jibu: Ndugu dereva, usinunue kitu chochote kwanza. Barua yako tayari ina dalili mbili kubwa, nazo ni uvivu wa stata na rangi ya moshi, na hizo zinatosha kutuonyesha njia.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inawaka kwa sababu pistoni inaibana hewa kwa nguvu hadi hewa hiyo inakuwa ya moto kiasi cha kuunguza dizeli inayopulizwa na nozeli. Alfajiri ya Makete mambo matatu yanashirikiana kuipunguzia joto hewa hiyo. Kwanza, hewa yenyewe inaingia ikiwa baridi na kuta za silinda ni baridi, kwa hiyo sehemu ya joto linalozalishwa inanyonywa na chuma. Pili, maeneo mengi ya Makete yako juu ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 20 ukilinganisha na Dar es Salaam, maana yake pistoni inapata hewa kidogo zaidi ya kubana. Tatu, stata ikizunguka polepole, hewa iliyobanwa inapata muda wa kuvuja pembeni mwa ringi za pistoni na muda wa kupoa kabla dizeli haijafika. Injini iliyochoka kidogo huvumilia moja kati ya hayo, lakini yakija matatu kwa pamoja inashindwa, na ndiyo sababu gari lako ni zima Morogoro na ni gonjwa nyumbani.

Sasa tuutazame moshi. Moshi mweupe unaotoka wakati stata inazunguka ni dizeli ambayo imefika ndani ya silinda, ikageuka mvuke, lakini haikuungua. Kama pampu ingekuwa imekufa, ekzosi isingetoa moshi wowote. Kwa hiyo maneno ya fundi wa pili siyapokei kwa sasa; dizeli inafika, kinachokosekana ni joto, na mtuhumiwa wa kwanza wa kukosekana kwa joto ni ule uvivu wa stata unaousimulia.

Fundi wa kwanza, aliyesema betri, yuko karibu na ukweli, ila ametaja dawa kabla ya kupima. Betri ya asidi hupoteza nguvu zake za kusukuma stata kadiri inavyopoa. Ikikaribia nyuzi 0 za Selsiasi hubaki na takriban theluthi mbili ya nguvu iliyokuwa nayo kwenye joto la Pwani. Wakati huohuo oili imekuwa nzito na stata inahitaji nguvu zaidi. Hata hivyo, betri inaweza kuonekana imechoka kumbe haijazwi vizuri, au nguvu zake zinapotelea njiani kabla ya kufika kwenye stata.

Tafuta mtu mwenye mita ya volti, ambayo mafundi wengi wa umeme wa magari wanayo. Asubuhi kabla hujagusa ufunguo, pima kila betri peke yake. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma kama 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikiwa chini ya 12 haina kitu cha kukusaidia kwenye baridi. Halafu linganisha betri zako mbili. Kama moja ina 12.6 na nyingine ina 12.1, nakusihi uchunguze waya za redio, chaja ya simu na taa za ndani, kwa sababu malori mengi ya volti 24, yaani yenye betri mbili za volti 12 zilizounganishwa, yamefungiwa vitu hivyo kutoka kwenye betri moja tu ili kupata volti 12. Nimeshaona mfumo huo ukiua betri nyingi kuliko baridi yenyewe. Betri inayonyonywa hubaki na njaa siku zote, mwenzake hujazwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache zote mbili zimeharibika. Dawa yake ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, ambacho bei yake haifikii ya betri moja ya lori. Na ukilazimika kununua betri, nunua zote mbili za aina moja kwa siku moja, kwa maana betri mpya iliyofungwa pamoja na kuukuu huzeeshwa upesi.

Hatua inayofuata ni kupima wakati utingo anapiga stata. Betri zote mbili kwa pamoja zisishuke chini ya volti 19 au 20. Zikishuka kuliko hapo, ilhali zilikuwa zimejaa, basi betri ndizo zilizochoka, au stata yenyewe inakula umeme kuliko kawaida kwa sababu bushi zake zimelika. Zikibaki juu na stata bado ni mvivu, umeme unapotea njiani. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, kwenye risasi yenyewe na si kwenye kibanio, na ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha stata ipigwe tena. Mita isizidi nusu volti. Ikizidi, waya wa athi (ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) una kutu au umelegea, na jambo hilo ni la kawaida sana kwa malori yanayopita kwenye matope ya barabara zetu za mlimani, ambako athi inayounganisha injini na fremu hukaa imefunikwa tope mwaka mzima. Fungua, piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, paka grisi, kaza. Kazi hiyo haigharimu zaidi ya jasho lako. Rudia kipimo hicho upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi boliti nene ya stata.

Injini ikiwa inazunguka, angalia pia kama alternata inajaza betri. Kwa lori la volti 24 unapaswa kusoma kati ya 27.5 na 28.5. Ukisoma 25, hata betri mpya zitakufa kama zilizotangulia.

Kuhusu oili, barua yako haikusema unatumia ipi, lakini madereva wengi wanaoshuka Pwani wanapenda ile namba 40 tupu kwa imani kwamba inavumilia joto. Ni kweli inavumilia joto, lakini ikipoa katika usiku wa Makete inakuwa nzito kama asali na stata inalazimika kuiburuza. Oili ya 15W-40 hubaki nyepesi wakati wa baridi, na injini ikishapata moto inakuwa na uzito uleule wa namba 40, kwa hiyo hupotezi chochote ukifika Dar es Salaam. Soma kitabu cha gari lako, na kama kinairuhusu, badilisha kwenye sevisi ijayo.

Baada ya hayo ndipo uangalie hita. Injini nyingine zina hita plagi moja kwa kila silinda, nyingine zina hita moja kubwa inayopasha hewa kwenye manifodi (bomba linaloingiza hewa kwenye injini), na nyingine hazina kabisa, hivyo anza kwa kujua yako ni ipi. Hita plagi nzima ikipimwa kwa mita husoma ukinzani mdogo sana, kwa kawaida chini ya omu 2. Isiyosoma kitu imekatika. Mara nyingi plagi ni nzima ila relei yake haipeleki umeme, na hilo halionekani Pwani kwa kuwa huko injini inawaka hata bila hita.

Ikiwa stata sasa inazunguka kwa kasi, hita inafanya kazi, na bado moshi mweupe unaendelea, peleka nozeli zikapimwe mashineni ionekane kama zinapuliza ukungu au zinadondosha matone, na mwisho kabisa upime kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, tatizo ni ringi au vali, na hapo utahitaji fedha nyingi. Ninatumaini hutafika huko, kwa sababu injini inayowaka kwa mguso mmoja Morogoro kwa kawaida bado ina kompresheni ya kutosha.

Swali: Lori langu linalala Uyole. Stata inazunguka vizuri sana lakini halina moshi hata kidogo mpaka utingo apige ile pampu ya mkono ya kuvuta dizeli kama mara thelathini, ndipo linawaka na halisumbui tena siku nzima. Wenzangu wanasema dizeli inaganda kwa baridi na wananishauri nichanganye petroli kidogo. Je, ni sawa? — Mwenye lori, Mbeya

Jibu: Si sawa, na ninakuomba usifanye hivyo. Dizeli nzuri haitoi mvuke wa kushika moto mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50, bali petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali. Ukizichanganya, tangi lako linakuwa na hatari ya petroli, na pampu ya shinikizo inayotegemea dizeli kuwa kilainishi chake inaanza kulika. Mafuta ya taa nayo, ambayo wengine huyaona ni mpole zaidi, yanaidhuru pampu kwa namna hiyohiyo.

Dalili ulizozieleza hazionyeshi kuganda. Dizeli ikiganda inakuwa na utando kama mafuta ya kupikia yaliyoachwa usiku, nao unaziba filta, kwa hiyo gari huwaka kidogo kisha huzimika njiani, na pampu ya mkono inakuwa ngumu. Ukitaka kuhakikisha, chota dizeli yako kwenye chupa angavu, iache nje usiku kucha, uitazame kabla jua halijatoka. Ikiwa angavu, haijaganda. Ikiwa na ukungu unaopotea jua likipanda, hapo kuna nta, yaani ule utando wa dizeli iliyoganda. Ikiwa na matone yaliyotulia chini, hayo ni maji. Katika Ulaya dizeli ya majira ya baridi hutengenezwa mahususi ili ipite kwenye filta hata nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Yetu haikuandaliwa hivyo, na kwa hiyo nisingeshangaa kuona nta kwenye tambarare ya Kitulo asubuhi yenye sakitu, lakini kwa Uyole ningeshangaa.

Tatizo lako ni dizeli kurudi tangini usiku. Mahali fulani pana upenyo unaoingiza hewa, na kwa kuwa tangi liko chini kuliko pampu, dizeli inashuka polepole na nafasi yake inachukuliwa na hewa. Mchana haionekani kwa sababu injini haipumziki muda wa kutosha. Usitafute mahali panapovuja dizeli, kwa maana upenyo mdogo kwenye upande wa kunyonya huingiza hewa bila kutoa tone la nje. Anza na mipira ya dizeli, hasa pale inapokutana na bomba la chuma, kwani mpira mzee hukakamaa na baridi huufanya ujikunyate zaidi ukaachia kwenye kibanio. Hapo ndipo ninapoamini utakuta kosa. Kisha badilisha washa za shaba kwenye boliti za filta, zile ambazo mafundi hupenda kuzirudisha za zamani kila wanapobadilisha filta. Baada ya hapo angalia sili ya filta yenyewe na vali ndogo za pampu ya mkono. Ukifunga kipande cha mpira angavu kati ya filta na pampu ya shinikizo kwa siku moja au mbili, utaziona povu kwa macho yako.

Jambo moja zaidi: jaza tangi jioni, si asubuhi. Tangi tupu lina hewa yenye unyevu, na baridi ya usiku inaugeuza unyevu huo kuwa matone yanayoshuka chini ya dizeli. Fungua kizibo cha chini cha kitenganishi maji kila baada ya siku chache, maji yatoke.

Swali: Mimi ni mama mwenye lori moja la kubeba mbao hapa Mafinga. Nimesikia kwamba kila asubuhi dereva na utingo wake wanawasha moto wa matambara chini ya injini, na wakiona haijawaka wanashika kitambaa chenye petroli mbele ya bomba la hewa. Nikiwauliza, wanasema ndivyo wanavyofanya wote. Je, gari langu linaharibika? — Mama wa Mafinga

Jibu: Ndiyo, Mama, linaharibika, na watu wako wako hatarini kuliko hata gari. Chini ya injini ya lori kuna oili iliyochuruzika, mipira ya dizeli, nyaya za umeme na mara nyingine mipira ya breki za upepo. Moto wa matambara hauchagui cha kupasha. Kwa lori lililopakia mbao kavu, sina haja ya kuendelea kueleza.

Ile petroli kwenye bomba la hewa inaungua ndani ya silinda kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda, na kishindo chake huvunja ringi na kupinda fito za pistoni. Dawa za kupuliza zinazouzwa kwenye makopo hufanya vivyo hivyo zikitumiwa ovyo, na kama injini ina hita inayowaka, zinaweza kulipuka kwenye manifodi. Zaidi ya hayo, injini iliyozoeshwa petroli inaendelea kuchakaa mpaka haiwezi kuwaka bila hiyo. Madereva wakiona hivyo husema injini imeshazoea, kumbe imeshapoteza kompresheni.

Waambie watoe betri jioni na kuzilaza ndani ya nyumba. Kazi hiyo ni ya dakika 10, inaziepusha na wezi, na asubuhi zinarudi zikiwa na nguvu. Wasiziweke karibu na jiko la mkaa, kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa hutoa gesi inayolipuka. Lori liegeshwe nyuma ya ukuta unaokinga upepo wa usiku. Wakihitaji joto asubuhi, maji ya moto yaloweshwe kwenye gunia na kuzungushwa kwenye filta ya dizeli na bomba la manifodi; yasimwagwe yakiwa yanachemka juu ya injini, kwa kuwa chuma baridi kikipata joto la ghafla hupasuka. Stata ipigwe kwa sekunde 10 au 15 tu, kisha ipumzishwe dakika moja au mbili.

Lakini, Mama, hatua hizo ni za kuvusha wiki hii tu. Mpeleke dereva wako kwa fundi na orodha ya vipimo niliyompa ndugu wa Makete hapo juu.

Swali: Ninaegesha gari mteremkoni kila jioni kule Isyonje ili asubuhi niliachie na kuweka gia liwake. Mpaka sasa sijapata tatizo. Kuna ubaya gani? — Dereva wa viazi

Jibu: Ndugu yangu, ubaya ni kwamba unaliachia lori kabla halijawa na breki. Upepo wa breki unatengenezwa na kompresa, na kompresa inazungushwa na injini. Baada ya usiku mzima mitungi imevuja, na lori lenye hendi breki ya springi, ambayo huachia kwa nguvu ya upepo tu, kwa kawaida litakataa hata kuachia magurudumu, jambo ambalo linaokoa maisha. Lakini malori mengi ya kati yana hendi breki ya waya inayoshika shafti; hayo yanaachia upesi, na kwenye mengi kati yao breki ya mguu bado inategemea ule upepo ambao haupo. Usukani nao unakuwa mzito kwa kuwa pampu yake haizunguki. Injini ikigoma kushika, unabaki ndani ya tani kadhaa za viazi zinazoshuka kwenye kona za milima ya Uporoto huku huna breki wala usukani. Tafadhali acha jambo hilo kuanzia leo.

Asubuhi ukishindwa, omba lori la jirani likubusti, yaani likuazime umeme wa betri zake, na liwe la volti 24 kama lako. Weka mawe kwenye matairi kwanza. Unganisha waya wa chanya kwenye kichwa cha chanya kinachokwenda kwenye stata, uwe mwangalifu usikosee ukashika ule waya mfupi unaounganisha betri zako mbili, kisha waya wa hasi uufunge kwenye chuma cha fremu mbali na betri. Liache lori la jirani liungurume dakika tano ndipo upige stata. Injini ikishika, iache iende taratibu bila kukanyaga mafuta, toa nyaya ukianza na hasi, na subiri mpaka mshale wa upepo upande na mlio wa tahadhari unyamaze, ndipo utingo aondoe mawe.